Maswali ya Wasomaji: Kusaka Mawazo Nje ya Shirika kwa Njia ya Mtandao

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi maana ya ubunifu huria, yaani shirika kukubali kwamba wazo linalolihitaji huenda liko kwa mtu ambaye si mwajiriwa wake, na kwamba wazo lililolala kabatini mwake huenda likawafaa watu wa nje. Jina hilo lilienezwa na Henry Chesbrough wa Marekani kuanzia mwaka 2003, ingawa desturi yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Barua nyingi zilizofika tangu hapo zinauliza juu ya upande wa mtandaoni: watu wasiokutana ana kwa ana wanawezaje kulisaidia shirika kubuni jambo jipya? Tumechagua barua tano. Majina ya waandishi na ya mashirika yao tumeyaacha kwa ombi lao.

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Njombe. Mwaka jana bodi iliamua tukusanye mawazo ya kuboresha huduma kwa njia ya mtandao. Tulifungua kundi la WhatsApp, tukawaingiza wanachama, maofisa ugani, wanunuzi na vijana wa vyuo, tukauliza: "Chama chetu kifanye nini ili kisonge mbele?" Tulichopata ni salamu za asubuhi, matangazo ya misiba, malalamiko ya bei, na mapendekezo mengi ambayo hakuna aliyeyafanyia kazi. Sasa mwenyekiti anataka kundi lifungwe, kwa maelezo kwamba mambo haya ni ya kampuni za Ulaya. Je, ana hoja? – Katibu, Njombe

Ndugu Katibu, mwenyekiti wako ana kila sababu ya kuchoka, lakini nadhani lawama ameielekeza pasipostahili. Kundi halikuwaangusha. Kilichowaangusha ni swali mliloliweka, na pia kukosekana kwa mtu aliyepewa kazi ya kupokea majibu.

Nikupe mifano miwili inayohusu mafuta kumwagika baharini, kwa sababu janga ni la aina moja na matokeo yalitofautiana sana. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka katika pwani ya Alaska. Miaka mingi baadaye, taasisi ya mji mdogo wa Cordova inayoshughulikia usafishaji wa mafuta katika bahari za baridi ilikuwa bado inasumbuliwa na tatizo moja: mafuta yakishachotwa pamoja na maji na kuwekwa katika matishari, mchanganyiko ule huwa mzito kwa baridi kiasi kwamba pampu hushindwa kuusukuma. Mwaka 2007 taasisi ililiweka tatizo hilo, hilo peke yake, katika mtandao wa InnoCentive, ambao kampuni ya dawa ya Eli Lilly iliuanzisha mwaka 2001 ili wenye matatizo ya kisayansi wakutane na wenye uwezo wa kuyatatua popote walipo. Zawadi ilikuwa dola 20,000. Aliyeipata, John Davis wa jimbo la Illinois, hakuwa mtu wa mafuta. Alichokijua ni kazi ya zege: linapomiminwa, huingizwa ndani yake chombo cha kutetemesha, ambacho mafundi wetu hukiita vaibreta, ili lisishike mapema. Alipendekeza kutetemesha kwa namna hiyo hiyo kutumike ndani ya matishari, na tatizo lililowashinda wataalamu wa mafuta kwa miaka mingi likapata ufumbuzi.

Mwaka 2010, mtambo wa Deepwater Horizon uliokuwa ukiichimbia mafuta kampuni ya BP ulipolipuka katika Ghuba ya Meksiko, umma mzima ulialikwa kutoa mawazo ya kuziba kisima na kusafisha bahari. Yalifika mapendekezo zaidi ya 100,000. Ilibidi yachambuliwe huku mafuta yakiendelea kuvuja, na yaliyofika hatua ya kujaribiwa yalikuwa machache mno. Sidhani kwamba watu wa mwaka 2010 walikuwa na akili pungufu kuliko yule wa mwaka 2007. Tofauti ni kwamba kule Cordova kuna mtu aliyekaa kabla, akalipunguza tatizo hatua kwa hatua mpaka msomaji asiyewahi kuona tishari akaweza kulishika lote kichwani mwake.

Jambo hili limechunguzwa pia kitaalamu. Katika matatizo 166 yaliyowekwa InnoCentive baada ya kuzishinda maabara za kampuni zenyewe, Karim Lakhani na wenzake walikuta kwamba karibu theluthi moja yalitatuliwa, na kwamba mtu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda pale tatizo lilipokuwa mbali na fani yake. Ndiyo maana mtandao una thamani katika shughuli hii: unalifikisha swali kwa watu ambao usingewaza kuwaalika kikaoni. Lakini watu hao hawawezi kukusaidia kama swali limeandikwa kwa lugha ya ndani ya ofisi yenu, au kama ni pana kiasi cha kutojibika.

Sasa turudi kwenu. Nitabahatisha tatizo ambalo chama cha maziwa hakiwezi kukosa: maziwa ya jioni. Mfugaji anayekaa mbali na kituo cha kukusanyia hukamua jioni, maziwa yakakaa usiku kucha bila kupozwa. Asubuhi mpokeaji anayachanganya kidogo na alkoholi kwenye kipimo chake, anaona yamekatika, na debe zima linarudi nyumbani. Ukiuliza "tufanyeje maziwa yasiharibike?", utaambiwa mnunue tangi la kupozea, jambo ambalo mnalijua. Jaribu kuandika hivi, ukijaza namba zenu wenyewe: "Wafugaji wetu wa vijiji hivi vitatu hawana umeme wa gridi. Kila mmoja ana maziwa ya jioni kati ya lita kadhaa na kadhaa. Tunatafuta njia ya kuyafikisha kituoni saa moja asubuhi yakiwa bado yanapita kipimo cha alkoholi, kwa gharama ambayo mfugaji ataweza kuilipa kwa makato ya miezi sita. Tumeshajaribu kuyaweka katika maji ya kisima. Ilifaa wakati wa kipupwe, ikashindikana wakati wa joto. Dawa za kuhifadhia haturuhusu." Swali hili linataja mahali, kiasi, kipimo cha mafanikio, ukomo wa gharama, kilichojaribiwa na kisichokubalika. Fundi wa majokofu wa Makambako anaweza kulijibu, na hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, au mfugaji wa Rungwe ambaye tatizo hilo hilo alishalitatua kwa njia yake na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jambo la pili ni mpokeaji. Chagueni mtu mmoja, jina lake lijulikane kwa wote, muda wa kazi hii uandikwe katika majukumu yake, na apewe fungu dogo la fedha la kujaribia mawazo bila kusubiri mkutano mkuu. Kila pendekezo lijibiwe kabla ya siku mliyoitangaza, hata kama jibu ni hapana, na sababu ielezwe. Anayeambiwa hapana kwa maelezo mara nyingi hurudi na wazo lililoboreshwa, lakini asiyejibiwa kabisa huwaambia na wenzake wasijisumbue. Mashirika mengi niliyoyaona yakishindwa katika jambo hili yalishindwa hapa: mawazo yalifika, yakasomwa na mtu asiye na mamlaka ya kuamua lolote.

Kuhusu WhatsApp, msilifunge kundi. Linafaa sana kwa kuita watu, kwa sababu karibu kila mmoja analo simuni. Halifai kuhifadhi kazi. Pendekezo la Jumatatu huwa limezama chini ya mamia ya ujumbe ifikapo Ijumaa, na mwanachama anayeingia leo hana njia nzuri ya kujua kilichokwisha kujadiliwa. Swali lenyewe, mapendekezo yote na majibu ya mpokeaji viwekwe katika ukurasa mmoja wa pamoja ambao kila mtu anaweza kuufungua, na kundi litumike kutangaza tu kwamba kuna jipya. Ama hoja kwamba mambo haya ni ya Ulaya, naomba mwenyekiti asome majibu ya barua ya tatu na ya nne.

Mshauri, tuna kampuni ndogo hapa Mwanza na tumebuni kikaushio cha dagaa kinachotumia jua. Tungependa kupata maoni ya wahandisi wa nje kupitia mtandao, ila tunaogopa kwamba tukionyesha michoro, mtu mwenye mtaji mkubwa ataichukua. Tufungue au tufunge? – Mbunifu, Mwanza

Ndugu Mbunifu, hofu yenu ni ya msingi, na yeyote atakayewaambia mfungue kila kitu hajafikiria hali yenu. Kama mnakusudia kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya uvumbuzi wake, wasilisheni ombi kwanza, BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kwa Tanzania Bara, au kwa njia ya ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lenye makao Harare, mkitaka kinga katika nchi kadhaa kwa ombi moja. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na mchoro uliokwisha kuwekwa hadharani unaweza kuwanyima sifa hiyo, hata kama walioueneza ni ninyi wenyewe. Ombi likishapokelewa, mnaweza kuzungumza kwa uhuru zaidi.

Wakati huo huo, tambueni kwamba kuliweka wazi tatizo hakulazimishi kuliweka wazi jibu lenu. Mnaweza kuuliza hadharani namna ya kuzuia unyevu kurudi katika chumba cha kukaushia baada ya jua kutua, bila kuonyesha umbo la chumba chenyewe. Watakaojibu vizuri ni wachache. Hao mwafuate mmoja mmoja, mtie saini mkataba wa usiri, ndipo muwaonyeshe michoro.

Upo mfano unaonifundisha kila ninapoufikiria. Mwaka 2000 kampuni ya dhahabu ya Goldcorp, iliyokuwa na mgodi Red Lake nchini Kanada, iliweka katika intaneti takwimu zake za kijiolojia na kutangaza zawadi za jumla ya dola 575,000 kwa watakaoonyesha mahali pa kuchimba. Mkuu wake, Rob McEwen, alikuwa amesikia jinsi Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, ilivyojengwa na watu waliotawanyika duniani, akaona hata jiolojia inaweza kujaribiwa hivyo. Katika biashara ya madini, takwimu kama zile ni siri kuu, na baadhi ya wanajiolojia wake waliona jambo hilo kuwa la hatari. Ushindi ulikwenda Australia, kwa watu waliochora umbo zima la mgodi kwa kompyuta wakiwa huko kwao. Mgodi uliokuwa umedorora ukainuka tena.

Wengi husimulia kisa hicho kama sifa ya uwazi, na kweli ni sifa. Lakini tazameni kilichouwezesha uwazi huo: haki ya kuchimba ardhi ile ilikuwa ya Goldcorp kisheria. Mtu angeweza kuzisoma takwimu zote na bado asingeweza kuingiza sururu pale. Jiulizeni basi ninyi "ardhi" yenu ni ipi: hataza, au jina la biashara, au mkataba na wavuvi wa visiwani, au ustadi wa fundi wenu mmoja. Hiyo ilindeni kwa nguvu zote. Yaliyobaki yanaweza kutoka nje, na mengi yatarudi yakiwa bora.

Ndugu Mshauri, nafanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri moja ya mji. Nilipopendekeza tuwashirikishe wananchi na watu wa kujitolea mtandaoni katika kukusanya taarifa za mitaro ya maji ya mvua, wakubwa zangu walisema wananchi si wataalamu na taarifa zao haziaminiki. Nina hoja gani ya kuwajibu? – Ofisa Mipango, Tanga

Ndugu Ofisa, hoja yako iko Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambayo wakazi wa Bonde la Msimbazi hawajayasahau, ilionekana wazi kwamba jiji linakua kwa kasi kuliko ramani zake. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wakazi wa kata zenyewe. Ramani yao waliijenga ndani ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuiongezea na yeyote anaweza kuitumia.

Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa, kwa kuwa ndani yake mna jibu la wakubwa zako. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha za angani. Kutokana na picha, watu waliokuwa mbali, wengine nchi nyingine kabisa, waliweza kuchora paa za nyumba na njia wakiwa mbele ya kompyuta zao. Lakini aliye mbali haoni mtaro uliofunikwa kwa mbao, wala kalavati lililozibwa na taka, wala jina ambalo watu wanaliita soko. Hayo walikwenda kuyatafuta wanafunzi pamoja na wakazi, wakiwa na simu na ramani zilizochapwa, wakipita uchochoro kwa uchochoro, wakipima upana na kina cha mtaro, wakimuuliza mwenye nyumba maji yalifika wapi ukutani. Katika swali hilo la mwisho mama aliyehamisha watoto usiku ule wa mafuriko ni mtaalamu, na hakuna mhandisi anayeweza kulijibu kwa niaba yake. Wahandisi nao walifanya yao: walichukua taarifa hizo na kukadiria mafuriko yatafika wapi na nyumba ngapi zitaguswa, wakitumia programu ya InaSAFE ambayo kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya Indonesia. Chombo cha Jakarta kikaifaa kata ya Tandale jijini Dar es Salaam, bila mtu kukinunua.

Kuhusu uaminifu wa taarifa, waambie kwamba katika OpenStreetMap kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya na tarehe yake, na likiwa la makosa huweza kurudishwa nyuma. Ni mafaili mangapi ya halmashauri zetu yanaweza kuonyesha nani aliandika nini, lini, na nani alirekebisha? Nashauri uanze na mtaa mmoja. Wananchi wakusanye taarifa zao, mhandisi wenu apime upya sehemu ndogo aliyoichagua mwenyewe, kisha mlinganishe. Wakubwa wako wataamini namba walizozipima wao kuliko maneno yangu.

Shikamoo Mshauri. Mimi ni ofisa wa mifumo ya kompyuta katika hospitali moja magharibi mwa Kenya. Tunatumia programu huria (yaani ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha) ya kumbukumbu za wagonjwa na nimeifanyia marekebisho mengi kwa mahitaji yetu, yakiwemo fomu za kliniki ya wajawazito. Kila toleo jipya likitoka, marekebisho yangu huvunjika na naanza upya. Rafiki yangu ananiambia nishiriki na watengenezaji wenyewe mtandaoni, lakini naona kama nitapoteza muda wa mwajiri wangu kuwafanyia kazi watu wa mbali. – Kijana wa mifumo, Bungoma

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amekupa ushauri mwema, na kisa cha kuuthibitisha kimetokea jirani yako.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, kupitia mpango wa AMPATH, walihitaji kumbukumbu za kompyuta za maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi. Shirika la Partners In Health lilikuwa na hitaji la namna hiyo katika nchi nyingine. Mwaka 2004 pande hizo zilitambua kwamba kila mmoja anaelekea kuandika programu ile ile kivyake, zikaamua kuandika moja na kuiacha huria. Hiyo ndiyo OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye kuenea katika nchi nyingi. KenyaEMR inayotumika katika vituo vingi vya Kenya imejengwa juu yake.

Kilichoiwezesha kukua hivyo ni uamuzi wa kiufundi wenye busara kubwa ya kijamii. Waliiweka ndani yake kamusi ya dhana: ugonjwa, kipimo au swali jipya la fomu huongezwa kama ingizo la kamusi, bila kuugusa msimbo wa kiini, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mahitaji makubwa zaidi huandikwa kama moduli inayopachikwa pembeni. Kwa hiyo hospitali ya Rwanda na ya Msumbiji ziliweza kubuni kila moja lake, na kiini kikabaki kimoja kwa wote. Shirika lolote linalotaka watu wa nje walibunie, hata kama halihusiki na kompyuta, lingefaa kujiuliza swali hilo: ni wapi mtu anaweza kuongeza kitu chake bila kuomba ruhusa, na ni wapi lazima tukubaliane sote kwanza?

Marekebisho yako yanavunjika kwa sababu, nadhani, umeyaandika ndani ya kiini. Anayebadilisha kiini peke yake hujitwisha mzigo wa kukitunza peke yake milele. Ukiyatenga yakawa moduli, au ukiyarudisha kwa watengenezaji wakayapokea, toleo lijalo litatoka likiwa na kazi yako ndani yake, limeshajaribiwa na watu usiowajua. Mweleze hivyo mwajiri wako, maana huko ni kuokoa muda wake. Na kama unahofia kwamba walio mbali ndio watakaonufaika, kumbuka kwamba kila unachokitumia leo kilianza kama kazi ya mtu mwingine.

Nikuongezee mfano mmoja. Mapema mwaka 2020, korona ilipoanza kusambaa, wataalamu wa Sri Lanka walichukua DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, wakaitengenezea sehemu ya kuwafuatilia wasafiri na waliokutana na wagonjwa. Hawakuificha. Oslo waliisafisha, wakaitoa kwa wote, na makumi ya nchi zikaanza kutoka hapo badala ya kuanza na karatasi tupu. Manispaa za Norway nazo ziliitumia programu hiyo kufuatilia maambukizi, yaani wazo lililoanzia Colombo lilirejea kuwahudumia walipa kodi wa nchi iliyogharimia programu yenyewe.

Jinsi ya kuanza: usiingie na furushi lote. Chagua kitu kimoja kidogo, tuseme hesabu ya tarehe ya kujifungua inayokosea katika fomu yako. Eleza hatua kwa hatua jinsi mtu mwingine anavyoweza kuliona kosa hilo kwenye kompyuta yake, ulichotarajia, na kilichotokea. Andika kwa ukamilifu, kwa sababu atakayesoma huenda yuko India au Marekani na amelala saa unayoandika. Ukiacha jambo moja muhimu, swali lake litakufikia kesho na jibu lako litamfikia keshokutwa. Mkizungumza kwa simu au kwa video, lililoamuliwa liandikwe pale pale mahali pa wazi, ili asiyekuwepo asiwe nje ya uamuzi. Na taarifa za wagonjwa zisitoke hospitalini kwa namna yoyote, hata katika picha ya skrini. Tumia wagonjwa wa kubuni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inakuhusu, na kabla ya sheria kuna heshima ya mama aliyekuamini na habari zake.

Mshauri, ninaishi Minneapolis na kwa muda mrefu nimejitolea mtandaoni kutafsiri na kukagua kazi za shirika moja kwa Kiswahili. Hivi karibuni shirika hilo lilianza kuuza bidhaa inayotumia kazi yetu, na sisi tulipewa cheti. Je, ushirikiano wa mtandaoni ni njia ya kupata kazi ya bure? – Mswahili wa ughaibuni

Dada au kaka yangu, umeumia na una sababu. Kazi ya kujitolea si dhuluma ikiwa mtoaji alijua tangu mwanzo itakakoenda. Wanaoichangia Linux tangu Linus Torvalds alipoitangaza mwaka 1991 wanajua kwamba kampuni zitaifanyia biashara, na wengi wao leo wanalipwa mishahara na kampuni hizo. Lakini leseni yake inamtaka anayeisambaza ikiwa na mabadiliko autoe na msimbo wa mabadiliko hayo, hivyo aliyetoa naye hupata. Kampuni ya vitu vya kuchezea ya Lego hufuata njia tofauti: wazo la mpenzi wa michezo yao likipata kura 10,000 huzingatiwa, na likitengenezwa, mwenye wazo hupewa asilimia 1 ya mauzo halisi. Unaweza kuona asilimia hiyo ni ndogo, lakini inajulikana kabla mtu hajaanza.

Shirika lako lilikosea kwa kunyamaza. Liandikie, wewe na wenzako kwa pamoja, mkiuliza mambo matatu: kazi yenu iko chini ya leseni gani, majina yenu yatatajwa wapi, na kuanzia sasa anayechangia kitu kinachouzwa atapata nini. Mpaka mjibiwe kwa maandishi, simamisheni michango mipya. Nakala za mliyokwisha kuyafanya zihifadhini kwenu. Iwapo leseni inaruhusu, kazi hiyo hiyo mnaweza kuipeleka kwa mradi mwingine unaowatambua wachangiaji wake.